Kisu cha baharini hakishiki makali: ni chuma, ni mnoaji, au ni umbo?

#1 Tewa_Kizingitini
Salaam wakubwa. Swali langu ni kwa wavuvi, mafundi wa mbao, wagema, na yeyote afanyaye kazi na kisu nje ya jiko. Nina kisu cha kupasulia samaki na kukatia chambo, ubapa sentimita kumi na tano hivi, chuma cha kile kisichoshika kutu. Nikitoka alfajiri kinanyoa malaika ya mkono. Jua likifika utosini kinateleza juu ya ngozi ya samaki changu, na kamba ya nailoni naisaga tu, haikatiki. Nikishuka Malindi kwa shughuli zangu humpa mnoaji wa baiskeli, cheche zinaruka, nalipa, nashukuru. Haipiti wiki, mambo ni yale yale. Ami yangu asema chuma ni cha bei rahisi, nikitupe. Mimi naona tatizo ni umbo la makali. Nyinyi mwaonaje, na visu vyenu vya nje mwavinoa kwa umbo gani?

#2 Ngambo_ya_Sabaki
Cheche zinaruka, halafu wauliza? Tazama ukingo karibu na ncha. Ukiona pameingia samawati au zambarau, chuma hapo kimeshapikwa. Kisu hupata ugumu wake kwa kutiwa motoni, kupozwa ghafla, kisha kupashwa tena kidogo kwa kipimo. Ukikirudishia moto mpaka rangi ya samawati itoke, ambayo kwa chuma cha kawaida huja karibu na digrii 300 za Selsiasi na kwa kisichoshika kutu huja juu zaidi, ugumu unashuka. Makali ni membamba, hayana pa kulipeleka joto, yanafika huko kwa sekunde chache za cherehe, lile jiwe la kuzunguka la mnoaji. Baada ya hapo utanoa mpaka Idi.

#3 BintiShela
@Ngambo rangi haionekani kila mara. Mnoaji akimaliza hupitisha msasa, samawati inaondoka, chuma laini kinabaki pale pale. Visu vyangu mimi haviguswi na mashine.

#4 Kapteni_Mstaafu
Vijana mna mashine, mna vinoo vya dukani, na visu vyenu butu. Sisi kale tukinoa kwenye jiwe la matumbawe, hata ukutani pa nyumba. Maji kidogo, mkono, basi. Kisu kikipasua papa mzima.

#5 Mwalimu_Karakana
Shikamoo Kapteni. Kwa heshima zote, matumbawe yenyewe hayanoi chuma. Jiwe lile ni la jamii ya chokaa, ndiyo maana tukilichoma twapata chokaa ya kujengea. Kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa mawe, kinachokwenda 1 mpaka 10, liko kwenye 3 au 4 hivi. Chuma cha kisu kilichokazwa kimepita 5. Laini haimli mgumu. Kilichokuwa kikinoa ni mtanga ulionasa juu ya jiwe: chembe za kwatzi ziko kwenye 7, hizo zinakwaruza chuma bila shida.

#6 Kapteni_Mstaafu
Marahaba mwalimu. Papa alipasuka au hakupasuka?

#7 Mwalimu_Karakana
Alipasuka.

#8 Kapteni_Mstaafu
Haya.

#9 Fundi_Matondoni
Mmemrukia mnoaji na hakuna aliyeuliza kisu kina mwinamo gani. Mimi kazi yangu ni mashua, kila siku nashika tezo la kuchongea mbao, patasi, shoka na kisu, na hakuna viwili hapo vinavyonolewa sawa. Tewa ameuliza umbo, kwa hiyo tuanze na umbo.

Kuna makali ya bapa: ubavu unateremka umenyooka mpaka karibu na ukingo, kisha kuna mteremko mdogo wa mwisho, ule unaogusa kinoo. Visu vingi vya jikoni viko hivyo. Kuna yaliyobonyea, ubavu umechimbwa ndani pande zote mbili. Hayo hupata wembamba wa ajabu, na wembe wa kukunja wa vinyozi wa zamani ndio huo, lakini yakikutana na fupa la samaki tewa yanamegeka. Kuna yaliyotuna, ubavu umejaa kama tumbo la jahazi. Hayo ni ya shoka na panga: nyama ya chuma iko nyuma ya makali, yanapasua na kuusukuma mti pembeni, hayang'ang'anii. Kuna yale ya mteremko mmoja mpana usio na mwinamo wa pili, ya visu vya Skandinavia, vile vinavyotengenezwa Mora kule Sweden. Kwa kuchonga kijiti au kigingi sijaona kizuri zaidi, na kukinoa ni rahisi kwa sababu unaulaza mteremko wote juu ya kinoo, hupotezi pembe. Ubaya wake ni kwamba ukikigonga kwenye kigumu ukingo unakunjika upesi, maana nyuma yake hapana kitu.

Mwisho kuna ya upande mmoja. Patasi ni hiyo, na tezo ni hiyo. Tezo letu lina mteremko upande wa ndani, unaotazama mpini, na nje limenyooka. Kuna mtoto wa mtu alilinoa pande zote mbili ili "lizidi ukali". Likawa linaruka juu ya ubao wa mbambakofi, haliingii. Nililirudisha kwa jiwe siku nzima nikinung'unika.

Kisu cha Tewa kwangu kingekuwa bapa, digrii 20.

#10 Hamadi_Mayungu
Digrii 20? Muuza duka wa vifaa vya uvuvi aliniambia 40. Nani mwongo?

#11 Fundi_Matondoni
Hakuna mwongo. 20 kila upande, jumla 40. Ukisoma mahali pameandikwa digrii, uliza kwanza ni za upande mmoja au za pande mbili, la sivyo utafanya kisu cha samaki kuwa shoka.

#12 Dada_Nguru
Na mtu yuko ndani ya mashua inayumba, kipima pembe atakitoa wapi?

#13 Mwalimu_Karakana
Hakihitajiki, dada. Pima upana wa ubapa kutoka mgongoni mpaka kwenye makali. Kisu cha upana wa sentimita 2, ukiinua mgongo milimita 7 kutoka juu ya kinoo, uko kwenye digrii 20. Ukitaka 15, inua milimita 5.

#14 Hamadi_Mayungu
Shukran. Kwa hiyo milimita 7, kisu chochote.

#15 Ngambo_ya_Sabaki
Hapana Hamadi! Inategemea upana. Kisu cha sentimita 3 kwa digrii 20 ni milimita 10. Panga la sentimita 6 ni milimita 20. Wewe ukiinua 7 kwenye panga utakuwa chini ya digrii 7, utakwaruza ubavu tu na makali hutayagusa. Kama hesabu inakuchosha, chukua karatasi: kona yake ni 90, ikunje nusu upate 45, ikunje tena upate 22 na nusu. Isimamishe pembeni mwa kinoo. Hiyo yatosha kabisa.

#16 Dada_Nguru
Nyongeza: kalamu nene ya wino. Paka ukingo wote rangi, piga kinooni mara mbili tatu, tazama. Wino ukitoka juu tu, umelaza kisu mno. Ukitoka ukingoni tu, umekiinua mno. Ukitoka wote, endelea hapo hapo.

#17 Kotama_Kakoneni
Nawasoma wavuvi mnavyolia. Mgema hupanda mnazi asubuhi, hupanda jioni, na kila akifika juu hukata kipande chembamba kabisa cha karara, unene wa karatasi. Kotama, kisu chetu cha kugemea, ikiwa butu inaponda mahali pa kukata, na tembo linapungua. Hatuna nafasi ya kusema chuma kibovu, maana kibuyu kitasema.

Sasa kotama imepinda, jiwe bapa halifiki upande wa ndani. Babu yangu hakuwa na kinoo kabisa. Alikuwa na kibao cha mti laini, anakinyunyizia mchanga mkavu aliouchekecha, anaipitisha kotama akiivuta nyuma, asiisukume mbele. Akimaliza anaipangusa na kumbi la nazi. Umbo lake kwa maneno ya Fundi hapo #9 ni lililotuna kidogo, maana kibao kinabonyea na mchanga unapanda ubavuni.

#18 BintiShela
Na baada ya tembo nani hunoa?

#19 Kotama_Kakoneni
Baada ya tembo visu vinapumzika, na wenyewe pia.

#20 Mwalimu_Karakana
Kibao na mchanga ni njia sahihi. Mchanga unazama kidogo kwenye mti laini, unashikwa, unakuwa kinoo. Mashariti ni mawili: uwe mkavu na uwe umechekechwa, chembe kubwa moja tu inachora mstari ubavuni mzima. Najua Kapteni atasema nini.

#21 Kapteni_Mstaafu
Nimekwisha kusema.

#22 Mchinjaji_wa_Idi
Assalaam alaykum. Mimi sina mashua ila kila Idi ya kuchinja naitwa nyumba hii na ile, mbuzi, kondoo na ng'ombe. Dini imetuhimiza tunoe kisu sawasawa mnyama asiteseke, na tusikinoe mbele ya macho yake. Kwa hiyo siku hiyo sibahatishi. Kisu changu cha kuchinjia ni kirefu, kimenyooka, hakina meno, na makali ni membamba kuliko aliyosema Fundi: 15 kila upande. Nafanya hivyo kwa sababu kinapita kwenye nyama laini na hakipigwi mfupani. Namaliza kwa jiwe laini kabisa mpaka ukingo ung'ae.

Kisu cha kuchunia ni kingine. Hicho tumbo limepinda, ncha imeinuka, ili nisitoboe ngozi. Nikikitumia cha kuchinjia kuchunia, makali yanaisha kabla ya mguu wa pili. Na watu wananiletea kile kile kukatia mbavu! Nimeshazoea kukificha.

Ninachotaka kusema kwa Tewa: unapasua samaki, unakata chambo, unakata kamba, unagonga fupa, yote kwa kisu kimoja. Kwa nini kisichoke?

#23 Tewa_Kizingitini
@Mchinjaji mashua ndogo, visu vingapi nibebe sheikh?

#24 Mchinjaji_wa_Idi
Viwili. Na cha kukatia fupa kiwe cha mwenzako.

#25 BintiShela
Mmesema pembe, mmesema moto, na jambo lenyewe hamjaligusa. Mimi nauza samaki, napasua ndoo kwa ndoo, na nilivyoona ni hivi.

Ukinoa upande mmoja, chuma kilicho ukingoni kabisa kinakuwa chembamba mpaka kinajikunja upande wa pili. Kinatokea kinyweleo cha chuma, hukioni kwa macho. Weka kidole gumba juu ya ubavu, kivute kutoka mgongoni kwenda nje kuvuka makali (kuvuka, jamani, sio kufuata makali, msije mkanilaumu kwa vidole), utakisikia kikikwaruza. Hicho kisipoondolewa kitanyoa nywele vizuri sana, maana ni chembamba. Lakini kikishika kitu kigumu kinalala, na kisu kinakufa ghafla. Sasa rudini #1. Asubuhi kinanyoa malaika, adhuhuri kimekufa. Hilo si tatizo la chuma na si la moto.

Kukiondoa: punguza nguvu ya mkono, badilisha upande kila pigo moja, moja huku moja huku, mpaka kidole kisisikie kitu. Kisha piga juu ya ngozi, mgongo ukitangulia. Mimi natumia soli ya ndara kuukuu ya ngozi, kazi ya Siyu, naipigilia juu ya kibao.

Halafu hapo na @Mchinjaji tunaachana. Makali ya kung'aa ni ya nyama na ya kunyolea. Kwa ngozi ya samaki na kamba, mimi naishia kwenye kinoo cha namba 400 (namba ikizidi, kinoo ni laini zaidi) na siendi mbele. Kinaacha vijimeno ambavyo jicho halioni, ndivyo vinavyoshika ngozi inayoteleza. Ukiyang'arisha na jiwe la 3000 yatapita juu ya magamba bila kuuma.

#26 Ngambo_ya_Sabaki
@BintiShela maelezo mazuri ila muda haukubali. Kingekuwa kinyweleo, kingelala kwa changu wa kwanza. Tewa asema adhuhuri. Hapo ni chuma kilicholainika, kinakwisha polepole kazi ikiendelea.

#27 BintiShela
Inategemea ulivyo mrefu. Na yeye hakutuambia anaanza kupasua saa ngapi.

#28 Boriti_Kumi
Mimi ni wa mikoko (kwa kibali, msije mkanishika). Shoka na panga. Huko hakuna digrii 15 wala 20. Panga ukilifanya jembamba linamegeka kwenye mkoko mkavu pigo la kwanza. Langu nakisia ni 25 mpaka 30 kila upande, limetuna, na nalinoa kwa tupa bapa, nasukuma upande mmoja tu, sirudishi tupa huku inagusa chuma maana meno yake yanakufa. Jiwe silijui. Makali ya tupa ni ya kukwaruza, na kwa kuni ndiyo ninayoyataka.

Kitu kimoja: chuma cha kawaida kikikaa kwenye mkoko kinakuwa cheusi ti. Wageni hudhani ni kutu. Ganda la mkoko lina tanini nyingi, ikikutana na chuma inatoa weusi huo. Ndizi mbichi hufanya hivyo hivyo. Haidhuru kitu.

#29 Hamadi_Mayungu
Panga lako ni la duka au la mhunzi?

#30 Boriti_Kumi
La mhunzi, springi ya gari.

#31 Dada_Nguru
Lamu kisiwani magari ni machache mno, springi mwazitoa wapi? Punda?

#32 Boriti_Kumi
Punda hana springi, ungempanda ungejua. Zatoka Mokowe, bara.

#33 Mwalimu_Karakana
Springi ni chaguo zuri kwa panga. Kaboni yake huwa karibu asilimia 0.6, inastahimili kupigwa bila kuvunjika na bado tupa inaiweza. Kisu cha tupa kuukuu ni kinyume chake: kaboni inapita asilimia 1 mara nyingi, kinashika makali muda mrefu, lakini mhunzi asipokilainisha kidogo kwa moto baada ya kukikaza, kikianguka kwenye sakafu kinakatika vipande viwili. Kwa kipimo cha Rockwell cha ugumu wa chuma, visu vya jikoni vya Ujerumani huwa karibu na 56, vya Japani vingi ni 60 na zaidi, tupa yenyewe iko juu ya 60. Kigumu zaidi hudumu zaidi na humegeka zaidi. Chagua msiba wako.

#34 Pepo_za_Kusi
Nimechelewa. Naona nyote mnadhani kisu kinakufa kwa kukata. Hamjauliza kinalala wapi. Chuma kisichoshika kutu hupata jina hilo kwa kromiamu, kuanzia asilimia 10.5 hivi, inayofanya utando mwembamba juu ya chuma. Chumvi ya bahari ndiyo adui wa utando huo. Kisu kikilala ndani ya maji ya chumvi chini ya mashua, au ndani ya ala iliyolowa, vishimo vinaanza, na vinaumiza kwanza pale palipo pembamba: ukingoni. Jioni ubavu unang'aa, makali yameshaliwa. Mimi changu nakisuuza kwa maji baridi ya kunywa, nakikausha, napaka mafuta. Ala ya ngozi nimeiacha, inanywa maji ya chumvi na haikauki.

#35 Hamadi_Mayungu
Kumbe kisichoshika kutu kinashika kutu. Nani aliyekigundua huyo, nimdai pesa zangu?

#36 Mwalimu_Karakana
Harry Brearley, Sheffield, Uingereza, mwaka 1913. Alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki.

#37 Pepo_za_Kusi
Mwalimu, Wajerumani hawatakubali. Kampuni ya Krupp ilikuwa na hati zake za chuma cha namna hiyo mwaka 1912. Cha Brearley ndicho kilichofaa visu kwa sababu kinakazika kwa moto. Cha Krupp ndiyo njia ya masufuria na masinki.

#38 Mwalimu_Karakana
Sawa, hilo nalikubali. Kwa visu jina linabaki Brearley.

#39 Hamadi_Mayungu
Basi deni nalipeleka Sheffield.

#40 Dada_Nguru
Mafuta gani @Pepo? Mimi natumia ya nazi.

#41 Pepo_za_Kusi
Simsim.

#42 Dada_Nguru
Simsim inakaa siku nyingi inakuwa gundi! Kisu kinanata kwenye ala. Ya nazi hayagandi hivyo.

#43 Fundi_Matondoni
Ya nazi yanaganda kwa baridi.

#44 Dada_Nguru
Chini ya digrii 24 hivi, Fundi. Lamu baridi hiyo unaipata usiku wa kusi, tena kidogo. Na hata yakiganda hayanati, yanapanguswa kwa kidole. Ya simsim wekeni kwenye mkate.

#45 Pepo_za_Kusi
Natumia kisu kila siku, hakipati nafasi ya kunata. Nitaendelea na simsim yangu.

#46 Dada_Nguru
Haya. Kuhusu kamba, kuna jambo hakuna aliyesema: visu vya meno. Nilinunua kimoja kwa ajili ya wavu wa jarife tu. Kamba iliyokazwa, iwe ya nailoni au ya makumbi, kinaikata kwa mvuto mmoja, hata kikiwa kimechakaa, maana yale mabonde kati ya meno hayagusi ubao wala mfupa na yanabaki makali. Mtu akinaswa na wavu mguu, huna nafasi ya kusuguasugua. Lakini ukikipeleka kwa samaki kinachana minofu mpaka aibu. Na kukinoa, kila bonde peke yake kwa kijiti cha mviringo, upande ule wenye mteremko tu. Mnoaji wa baiskeli aliwahi kukilaza bapa kwenye jiwe lake, akayafuta meno yote, akanirudishia akitabasamu.

#47 Mchinjaji_wa_Idi
Na alikudai?

#48 Dada_Nguru
Akanidai.

#49 Kapteni_Mstaafu
Kwa kamba shoka. Weka kamba juu ya gogo, piga mara moja.

#50 Ngambo_ya_Sabaki
Kapteni, ndani ya mashua ya faibaglasi? Utazama nayo.

#51 Kapteni_Mstaafu
Ndiyo maana twasema mashua iwe ya mbao.

#52 Tewa_Kizingitini
Nimerudi. Asanteni. Nimekitazama kisu nje juani. Kidole kama alivyosema BintiShela: kinyweleo kipo, upande wa kulia, nusu ya urefu. Rangi: karibu na ncha pana kivuli cha zambarau, kidogo sana, pengine Ngambo ana haki. Nacho kisu, nisiwafiche, hulala chini ya mashua pamoja na kata ya kuchotea maji. Nimeona na vidoa viwili vitatu ukingoni. Upana ni sentimita mbili na nusu, nikakipima na karatasi ya kukunja, mnoaji hakulinganisha pande: chini hata ya 15 upande mmoja na zaidi ya 20 upande wa pili. Sasa nani kati yenu kashinda?

#53 Fundi_Matondoni
Pande mbili hazilingani! Huo ndio ugonjwa. Kisu cha hivyo kinakata kikienda kombo, wewe unakilazimisha kinyooke, makali yanabeba mzigo upande mmoja.

#54 BintiShela
Fundi, tezo lako lina upande mmoja tu na linakata.

#55 Fundi_Matondoni
Tezo nimelikusudia.

#56 Ngambo_ya_Sabaki
Jaribio ni rahisi. Ondoa milimita moja au mbili za ukingo kwa kinoo na maji, kwa mkono, pole pole, mpaka uvuke ile zambarau ufikie chuma kizima. Usitumie mashine. Kisha kinoe 20 pande zote ukirudi kazini. Kikidumu, ni moto wa cherehe, kama nilivyosema #2.

#57 BintiShela
Na kwa kufanya hivyo atakuwa ameondoa kinyweleo, amefuta vidoa vya chumvi vya Pepo na amesawazisha pande za Fundi. Kikidumu kila mtu hapa atasema yeye ndiye. Jaribio gani hilo?

#58 Mwalimu_Karakana
Ana haki. Ukitaka kujua kweli, badilisha kitu kimoja kimoja. Anza na cha bure: siku chache kisilale majini, usikiguse kinoo. Halafu ondoa kinyweleo tu, kwenye ngozi. Mwisho ndiyo milimita.

#59 Tewa_Kizingitini
Na samaki wasubiri?

#60 Mchinjaji_wa_Idi
Ndiyo maana nilisema viwili.

#61 Hamadi_Mayungu
Swali la mwisho kwangu. Kinoo gani ninunue ikiwa nina pesa ya kimoja tu?

#62 Ngambo_ya_Sabaki
Kile cha madukani cha pande mbili, chenye kukwaruza upande mmoja, laini upande wa pili, cha kaborandamu (jiwe la kiwandani). Kitie maji. Kikishatiwa mafuta mara moja maji hayataingia tena vizuri, kwa hiyo amua mapema. Na kitumie chote, pembe kwa pembe. Watu husugua katikati tu mpaka kikaingia bonde, halafu wanalalamika kisu kina mgongo.

#63 Fundi_Matondoni
Bonde likiingia, lisawazishe: mtanga na maji juu ya kipande cha kioo kinene au sakafu iliyonyooka, sugua kinoo juu yake mpaka kitulie.

#64 Dada_Nguru
Na ukiwa safarini bila kinoo, pindua kikombe cha kaure. Ule mduara wa chini usiopakwa rangi unanoa vizuri, unaumaliza ukingo. Usifanye kwa kikombe cha mama mkwe.

#65 Mama_Samoli
Salaam, nimesoma uzi wote nikicheka. Mimi sina mashua wala kotama. Mbuzi yangu ya kukunia nazi imekuwa butu, inatoa mapande badala ya machicha. Inanoleka au nitupe?

#66 Kotama_Kakoneni
Mbuzi nayo iko kwenye makali ya nje? Haya, leo tumefika.

#67 Mama_Samoli
Naikalia uani, baba. Uani ni nje.

#68 Fundi_Matondoni
Inanoleka, mama. Chukua tupa ndogo ya pembetatu, ile ya kunolea misumeno. Ingiza kati ya jino na jino, piga mbele mara mbili tatu, hesabu sawa kila bonde ili meno yabaki na kimo kimoja. Kisha yageuzie upande wa chini uondoe kinyweleo cha BintiShela kwa kinoo, pigo moja tu. Ikaze kwanza kwenye kibao chake isicheze, na uisuuze kabla hujakuna, unga wa chuma usiingie kwenye tui.